Nyota alipwe kwa mabao ya jana au ya kesho? Darasa la mikataba ya Arsenal

JULAI 2012, aliyekuwa nahodha wa Arsenal, Robin van Persie, alitangaza kupitia tovuti yake kwamba hangesaini mkataba mpya na klabu hiyo. Mkataba aliokuwa nao ulikuwa umebakiza mwaka mmoja, na katika msimu uliokuwa umemalizika alikuwa amefunga mabao 30 ya Ligi Kuu ya England.

Uongozi ukajikuta njia panda. Ungeweza kumbakiza kwa mwaka mmoja kisha aondoke bure, au umuuze wakati huo huo kwa yeyote aliyekuwa tayari kulipa. Aliyekuwa tayari kulipa ni hasimu wao, Manchester United.

Mwezi uliofuata Van Persie aliuzwa kwa dau lililoripotiwa kuwa pauni milioni 24. Katika msimu wake wa kwanza Old Trafford alifunga mabao 26 ya ligi, na United ikatwaa ubingwa wake wa 20.

Mashabiki wengi wa Arsenal walimwita msaliti. Hata hivyo, ukilitazama suala hilo kwa utulivu utaona kwamba uamuzi wenyewe ulikuwa umekwisha kufanyika kabla ya Julai 2012. Ulifanyika siku viongozi waliporuhusu mkataba wa mchezaji wao bora uingie mwaka wa mwisho bila kusaini mwingine.

Hapa ndipo lilipo swali ambalo kila klabu kubwa hujiuliza kila mwaka: nyota yupi apewe mkataba mnono, lini, na kwa kigezo gani? Arsenal ni mfano mzuri wa kulijibu, kwani katika kipindi kisichozidi miaka 20 imefanya karibu kila aina ya uamuzi katika jambo hili, mbaya na mzuri.

Ili kuelewa kwa nini mwaka wa mwisho wa mkataba ni wa hatari, hatuna budi kurejea Desemba 1995. Mahakama ya Ulaya iliamua shauri la mchezaji wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman, kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba ana haki ya kwenda klabu nyingine ndani ya Umoja wa Ulaya bila klabu yake ya zamani kudai ada ya uhamisho.

Tangu hapo mkataba ukawa ndiyo mali yenyewe. Klabu haimmiliki mchezaji. Inamiliki miaka iliyobaki katika karatasi aliyoisaini. Nyota mwenye miaka minne mbele yake huuzwa kwa bei anayoitaka muuzaji. Akibakiza miwili, mazungumzo huwa ya usawa. Akibakiza mmoja, bei hupangwa na mnunuzi. Akibakiza miezi sita, anaruhusiwa kwa kanuni za FIFA kusaini makubaliano ya awali na klabu nyingine, na klabu yake hubaki mtazamaji.

Ndiyo maana katika klabu zenye utaratibu, suala la kuongeza mkataba hujadiliwa wakati mchezaji amebakiza miaka miwili au zaidi. Wahenga walikwisha kusema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katika mezani wanakoketi waamuzi, kocha ni sauti mojawapo tu. Yupo mkurugenzi wa michezo anayetazama kikosi cha miaka mitatu ijayo, wapo madaktari wanaojua hali ya magoti na misuli, wapo watu wa takwimu, na yupo mtu wa fedha ambaye kazi yake ni kukumbusha kiasi kilichopo. Arsenal ililipa suala la takwimu uzito mapema, ikainunua kampuni ya StatDNA ya Marekani mwaka 2012.

Watu hao hupima mambo manne. La kwanza ni umri, yaani ni miaka mingapi ya ubora imebaki ndani ya muda wa mkataba unaoombwa. La pili ni gharama ya kumpata mbadala wake. La tatu ni ngazi ya mishahara, yaani wenzake watadai nini pindi watakapojua amepewa nini. La nne ni thamani yake sokoni endapo mambo yatakwenda kombo.

Shabiki huwa na kigezo cha tano, nacho ni mapenzi. Hakimo katika hesabu, lakini kina nguvu kubwa, hasa timu inapokuwa imetoka kutwaa kombe au kupoteza nyota mwingine.

Enzi za kocha Arsène Wenger, Arsenal ilikuwa na msimamo mkali kuhusu kigezo cha umri. Wachezaji waliovuka miaka 30, hasa wa mbele, walipewa nyongeza ya mwaka mmoja mmoja. Dennis Bergkamp aliishi na utaratibu huo hadi alipostaafu mwaka 2006. Robert Pires, aliyekuwa na miaka 32, aliukataa mwaka huo huo na kwenda Villarreal ya Hispania iliyompa miaka miwili.

Wakati huo klabu ilikuwa inahamia Uwanja wa Emirates, mradi uliogharimu takriban pauni milioni 390, na mkanda ulikuwa umekazwa. Kanuni ya mwaka mmoja iliokoa fedha, lakini ilikuwa na kasoro yake. Ilimbana mzee bila kumlinda kijana. Mwaka 2011 Samir Nasri naye aliingia mwaka wa mwisho wa mkataba akauzwa Manchester City. Mwaka mmoja baadaye ikawa zamu ya Van Persie.

Funzo la mwaka 2012 lilipaswa kutosha. Hata hivyo, mwaka 2017 Arsenal iliurudia mkasa ule ule, safari hii kwa nyota wawili kwa mpigo. Alexis Sánchez na Mesut Özil waliuanza msimu wa 2017/18 wote wakiwa katika mwaka wa mwisho, huku timu ikiwa imekosa Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa mara ya kwanza katika takriban miaka 20.

Januari 2018 Sánchez alikwenda Manchester United kwa kubadilishana na Henrikh Mkhitaryan. Siku chache baadaye Özil alisaini mkataba hadi mwaka 2021, kwa mshahara ulioripotiwa kufikia pauni 350,000 kwa wiki. Hesabu yake ni pauni milioni 18.2 kwa mwaka, kwa kiungo aliyekuwa amekwisha kutimiza miaka 29.

Kwa nini alipewa fedha zote hizo? Jibu la haki ni kwamba klabu haikuwa na nguvu ya kukataa. Ilikuwa imempoteza Sánchez, na kumpoteza Özil katika majira yale yale kungeonekana kama kukiri kushindwa. Mchezaji alilijua hilo na wakala wake alilijua hilo. Kwa lugha nyingine, sehemu ya kile kitita ililipia hofu ya uongozi.

Kilichofuata kinajulikana. Özil alicheza mechi yake ya mwisho Arsenal Machi 2020. Oktoba mwaka huo jina lake liliachwa katika orodha ya wachezaji 25 wa Ligi Kuu na ile ya Ligi ya Europa, na Januari 2021 akaondoka kwenda Fenerbahçe ya Uturuki. Kwa miezi kadhaa mchezaji aliyekuwa akilipwa zaidi ya wenzake hakuruhusiwa hata kuketi benchi katika mashindano hayo.

Madhara hayakuishia kwake. Ngazi ya mishahara ikishapandishwa juu, kila anayesimama chini yake huangalia juu. Katika msimu wa 2018/19 klabu iliondoa ofa iliyokuwa imemwekea Aaron Ramsey, na kiungo huyo akaenda Juventus bure katikati ya mwaka 2019. Arsenal ilikuwa imemlipa mmoja kupita kiasi na kumpoteza mwingine bila kupata hata senti.

Manchester United nao hawakucheka mwisho. Sánchez aliwafungia mabao matano katika mechi 45, kisha akapelekwa Inter Milan kwa mkopo mwaka 2019 na kuachwa huru moja kwa moja mwaka uliofuata. Inawezekana kabisa kwamba klabu mbili zilizogombea nyota wawili zilipata hasara zote mbili.

Kisa cha Pierre-Emerick Aubameyang kina sura tofauti kidogo. Huyu alikuwa anafunga. Alipata mabao 22 ya ligi msimu wa 2018/19 na mengine 22 msimu uliofuata. Agosti 2020 alifunga mabao yote mawili Arsenal ilipoifunga Chelsea 2-1 katika fainali ya Kombe la FA. Mashabiki wakataka jambo moja tu, asaini.

Septemba 2020 alisaini miaka mitatu, akiwa na umri wa miaka 31 na mkataba wa zamani ukiwa umebakiza chini ya mwaka mmoja. Msimu uliofuata mabao yake ya ligi yalishuka hadi 10. Desemba 2021 alivuliwa unahodha kwa utovu wa nidhamu, na Februari 2022 mkataba ulivunjwa kwa makubaliano akaenda Barcelona bila ada.

Wapo watakaosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo inaweza kuwa na ukweli wake, lakini haitoshi. Mshambuliaji anayetegemea kasi hupungua baada ya miaka 30 hata akiwa na nidhamu ya mtawa. Waliompa mkataba walitazama mabao 44 yaliyokuwa yamekwisha kuingia wavuni. Mabao hayo yalikuwa yamekwisha kulipiwa na mkataba wa kwanza.

Hapo ndipo Arsenal ilipobadilika. Chini ya kocha Mikel Arteta na aliyekuwa mkurugenzi wa ufundi, Edu, fedha kubwa zilianza kuelekezwa kwa wachezaji ambao ubora wao ulikuwa bado uko mbele. Mwaka 2023 peke yake walisaini Gabriel Martinelli akiwa na miaka 21, Bukayo Saka miaka 21, William Saliba miaka 22 na Martin Ødegaard miaka 24. Watatu wa kwanza walifungwa hadi 2027, na Ødegaard hadi 2028.

Inafaa kukumbuka kwamba Saka na Saliba walikuwa wanakaribia mwaka wa mwisho, kwani mikataba yao ilikuwa iishe 2024. Safari hii klabu iliwahi. Septemba 2025, huku Real Madrid ikihusishwa mara kwa mara na beki huyo Mfaransa, Saliba aliongeza tena hadi 2030, akiwa bado na takriban miaka miwili mkononi. Hakuna aliyelazimika kuamua kwa hofu.

Faida ya utaratibu huu huonekana pia kwa wale ambao hawakufikia walikotarajiwa. Folarin Balogun alisaini mkataba mpya Aprili 2021, miezi michache kabla ya ule wa zamani kumalizika. Hakupata nafasi ya kudumu kikosi cha kwanza, lakini baada ya msimu mzuri wa mkopo Reims aliuzwa Monaco mwaka 2023 kwa ada iliyoripotiwa kuwa euro milioni 40 pamoja na nyongeza.

Emile Smith Rowe alipewa jezi namba 10 na mkataba hadi 2026 katika mwaka 2021. Akafunga mabao 10 ya ligi msimu uliofuata, kisha majeraha yakamrudisha nyuma. Fulham ilipomnunua mwaka 2024 ililipa dau lililoripotiwa kufikia pauni milioni 34 pamoja na nyongeza. Mkataba ule ulikuwa bima: kijana asipofanikiwa, klabu haitoki mikono mitupu.

Zipo pia sababu za kihasibu ambazo shabiki wa kawaida haelezwi mara kwa mara. Mchezaji aliyenunuliwa kwa pauni milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano huandikwa vitabuni kama gharama ya milioni 10 kila mwaka. Aliyelelewa katika akademi ya klabu hana gharama hiyo, hivyo akiuzwa, karibu fedha yote huhesabiwa kuwa faida.

Aidha, UEFA imeweka ukomo wa matumizi ya kikosi kwa klabu zinazoshiriki mashindano yake. Mishahara, gharama za usajili na malipo ya mawakala kwa pamoja visizidi asilimia 70 ya mapato. Ukomo huo ulianza kwa asilimia 90 msimu wa 2023/24, ukawa 80, na kufikia 70 msimu wa 2025/26. Maana yake ni kwamba kosa la aina ya Özil sasa linaigharimu klabu hata haki ya kusajili wengine.

Je, basi kanuni ni kwamba mchezaji aliyevuka miaka 30 asipewe kitu? Liverpool ilitoa jibu tofauti mwaka 2025. Mohamed Salah, Virgil van Dijk na Trent Alexander-Arnold walikuwa wote wanamaliza mikataba Juni mwaka huo. Salah, mwenye miaka 32, na Van Dijk, mwenye miaka 33, walipewa miaka miwili kila mmoja. Aliyeondoka ni mdogo wao, Alexander-Arnold, mwenye miaka 26 na zao la akademi ya klabu.

Kwa Salah, hesabu ilikuwa ile ya mbadala. Msimu huo alimaliza na mabao 29 na pasi za mwisho 18 katika ligi, na Liverpool ikawa bingwa. Mshahara wake uliripotiwa kukaribia pauni 400,000 kwa wiki, yaani takriban milioni 41.6 kwa miaka miwili. Miezi michache baadaye klabu hiyo hiyo ilimnunua Alexander Isak kwa dau lililoripotiwa kuwa pauni milioni 125, kabla ya kumlipa mshahara. Kumbakiza mzee kulikuwa rahisi kuliko kumsaka kijana.

Hata hivyo, Desemba 2025 Salah alikuwa amepoteza nafasi katika kikosi cha kwanza na akailalamikia klabu hadharani baada ya sare ya 3-3 na Leeds United. Hilo halithibitishi kwamba mkataba ulikuwa kosa. Linathibitisha kwamba muda wa miaka miwili ulikuwa wa busara, kwani mitatu au minne ingekuwa mzigo mzito zaidi.

Kwa Alexander-Arnold hakuna hesabu inayoweza kuitetea Liverpool. Real Madrid ililipa takriban euro milioni 10 ili tu aende mapema kidogo kucheza Kombe la Dunia la Klabu. Miaka miwili kabla, beki wa kiwango chake angeuzwa kwa mara kadhaa ya fedha hiyo.

Sababu mojawapo ni kwamba meza ya maamuzi ilikuwa haina mtu wa kudumu. Mkurugenzi wa michezo Michael Edwards aliondoka 2022, mrithi wake Julian Ward akaondoka 2023, Jörg Schmadtke akakaa kwa muda mfupi hadi mapema 2024, na kocha Jürgen Klopp akaondoka mwaka huo. Richard Hughes alipoketi kwenye kiti hicho mwaka 2024, saa za wachezaji wote watatu zilikuwa zimebakiza mwaka mmoja.

Msomaji wa Dar es Salaam au Zanzibar anaweza kudhani haya ni mambo ya matajiri wa Ulaya. Lakini saa hiyo hiyo ndiyo iliyopiga Jangwani Desemba 2022, pale Feisal Salum alipotaka kuondoka Yanga kwa kuvunja mkataba uliokuwa umebakiza zaidi ya mwaka mmoja, akiweka shilingi milioni 112 katika akaunti ya klabu.

Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) iliamua kwamba alikuwa bado mchezaji halali wa Yanga. Kisheria klabu ilishinda. Kimpira, ilikaa nusu msimu bila kiungo wake tegemeo hadi Juni 2023 alipohamia Azam FC kwa makubaliano. Msimu wake wa kwanza huko alifunga mabao 19 ya ligi.

Katika mjadala ule, wengi walibishana juu ya nani mwenye haki. Wachache waliuliza kwa nini mchezaji aliyekuwa amepanda kiwango hadi kuwa nguzo ya timu aliachwa kwa muda mrefu na mkataba aliousaini akiwa na thamani ndogo zaidi. Klabu inayosubiri hadi mchezaji anung'unike imekwisha kuchelewa, hata kama karatasi inaipa haki.

Kwa upande wa mchezaji, tusimhukumu kwa pupa anapodai kikubwa. Maisha yake ya soka ni mafupi, na goti moja linaweza kuyamaliza kwa dakika moja. Naye anauza miaka, kama vile klabu inavyonunua miaka. Anayemlaumu kwa kutaka bei nzuri na amlaumu pia mkulima wa korosho anayesubiri mnada wa pili.

Wala utaratibu wa kuwafunga vijana mapema hauna uhakika wa asilimia mia. Mikataba mirefu ikitolewa kwa wengi, wachache watashuka kiwango na kubaki na mishahara ambayo hakuna klabu nyingine itakubali kuichukua. Ndiyo maana malipo ya sehemu kama marupurupu ya mechi, mabao na kufuzu mashindano yana umuhimu, ili klabu na mchezaji wapande au washuke pamoja.

Lakini kati ya hatari mbili, ile ya kuwahi ni nafuu. Klabu iliyowahi inaweza kukosea na bado ikauza, kama Arsenal ilivyomuuza Balogun. Klabu iliyochelewa hukosea mara mbili: ama inalipa kwa hofu kama ilivyokuwa kwa Özil, ama inampoteza nyota wake kwa hasimu kama ilivyokuwa kwa Van Persie.

Kwa hiyo, viongozi wa klabu zetu wanapojiandaa kwa dirisha lijalo la usajili, kabla ya kutafuta jina jipya la kutangaza uwanja wa ndege, wangeanza na orodha fupi ya ndani: nani anabakiza miaka miwili, nani ana umri gani, na mbadala wake anagharimu kiasi gani. Orodha hiyo haina shangwe wala matarumbeta, lakini ndiyo itakayowaambia nani astahili donge nono na nani ashukuriwe kwa utumishi wake.